Barua ya wazi kwa vijana wa stendi ya Nanenane, Dodoma

Wanangu makondakta, wakatisha tiketi na wapiga debe, salaam.

Nawaandikia nyinyi na si wazazi, kuhusu mabinti wadogo wanaosafirishwa kwa hila kwenda kazi za ndani mjini, maana mzazi akishadanganywa huko Mpwapwa au Chamwino, anayebaki kumwona binti yule kabla hajapotelea Dar es Salaam ni wewe unayempakia.

Mtihani wa darasa la saba ukishaisha Septemba, watafuta mabinti wa kazi hupita vijijini. Ahadi ni zilezile: mshahara mnono, utasomeshwa cherehani. Kisha mnaletewa mtoto ana mfuko wa rambo, namba ya simu imeandikwa kwa kalamu kiganjani, na kondakta anapewa elfu tano ili akamkabidhi mtoto huyo kwa mtu stendi ya Mbezi, Dar es Salaam. Ukimuuliza anakwenda kwa nani, hajui. Aliyemleta ndiye anayejibu.

Elfu tano hiyo itawatokea puani. Sheria ya mwaka 2008 ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu haimtafuti tajiri wa biashara hiyo peke yake; anayesafirisha na anayepokea nao wamo. Mtoto chini ya miaka 18 hata akisema amekubali mwenyewe, hilo haliwaokoi. Na mwaka 2022 sheria ilirekebishwa, ule ujanja wa kulipa faini ukakwepa jela ukaondolewa.

Sisemi kila anayemleta mtoto akisema ni shangazi yake ni mhalifu. Sisi Wagogo tumelea watoto wa ndugu tangu zamani. Ndiyo maana nasema ulizeni. Shangazi wa kweli ukimuuliza jina la baba wa mtoto atalitaja, hata kama atalitaja huku anafoka.

Mkipata shaka, msimpige mtu wala kumkusanyia watu. Pigeni 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure, au nendeni Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Binti huyo ni mhanga, msimfokee kama mwizi.

Wakubwa nao nina neno lao. Makao ya Wizara ya Mambo ya Ndani yako papa hapa Dodoma, lakini nyumba za kuwahifadhi mabinti hawa kwa sehemu kubwa zimeachiwa mashirika. Waongeze nyumba, na waje stendi wakae na nyinyi. Semina za hotelini zimetosha.

Kwa sasa, tiketi ya mtoto iandikwe jina lake kamili, la aliyemleta na namba yake ya simu. Asiyetaka kuandikwa, mtoto wake asipande.

Mzee wenu,
Chamwino