Mbwa wangu amekufa, na wenzangu wa kwenye simu bado wanamsalimia

Ndugu Mshauri,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Mimi ni mzee wa miaka 66, mkazi wa viungani mwa mji wa Tororo, mashariki mwa Uganda, na nilistaafu utumishi wa polisi nikiwa na cheo cha sajini baada ya miaka 31. Sijawahi kumwomba mtu ushauri wa namna hii. Kazi yangu ilikuwa kuandika maelezo ya watu wengine, na leo naona ni zamu yangu kuandika ya kwangu.

Mwaka 2014 marehemu mke wangu alileta nyumbani mtoto wa mbwa wa kienyeji, wa rangi ya kahawia na kifua cheupe, akamwita Afande. Alisema nimemaliza ujana wangu nikiitikia "ndiyo afande", hivyo ni haki yangu kupata afande mmoja wa kuniitikia mimi. Jina hilo sikuthubutu kulitaja mbele ya wakubwa wangu kazini. Mke wangu alifariki mwaka 2019 kwa kiharusi, ndani ya siku mbili tu. Watoto wetu wawili walikuwa wamekwisha kuhamia Kampala kikazi, kwa hiyo siku za msiba zilipokwisha na viti vya kukodi kurudishwa, tulibaki nyumbani mimi na Afande, ambaye kwa wiki nzima alilala mbele ya mlango wa jikoni akimsubiri aliyezoea kumpa posho (ndio ugali wa kwetu) na mukene, yaani dagaa.

Ilipofika Machi 2020, usafiri wa umma ukasimamishwa kwa sababu ya korona na amri ya kutotoka nje usiku ikawekwa, nami sikuweza hata kwenda mjini kukaa na wazee wenzangu. Kijana mmoja jirani akaniingiza katika kundi la WhatsApp la watu wanaofuga mbwa na paka kutoka Uganda, Kenya na Tanzania. Wakati huo bado tulikuwa tunalipa ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, iliyoanza Julai 2018, na nakiri kwamba mwanzoni niliona ni fedha za kutupa. Baada ya mwezi mmoja nilikuwa nailipa kabla sijanunua sukari.

Naomba nikueleze kidogo kuhusu kundi hilo, kwa maana bila kulielewa hutalielewa kosa langu. Kama ilivyo desturi yetu mzazi kuitwa kwa jina la mwanawe, kule kila mtu huitwa kwa jina la mnyama wake. Yupo Mama Karafuu wa Tanga, mwenye paka, ambaye ndiye msimamizi. Yupo Baba Tarumbeta wa Eldoret, kijana wa bodaboda, ambaye mbwa wake hubweka kila pikipiki yake inapokaribia nyumbani hata ikiwa bado haionekani. Na mimi ni Baba Afande. (Majina mengine nimeyabadilisha, lakini hili la kwangu nimeshindwa kulibadilisha.)

Lipo pia jambo ambalo huenda wasomaji wa Tanzania na wa pwani ya Kenya wasilijue. Hapa kwetu Kiswahili kilihesabiwa kwa miaka mingi kuwa lugha ya askari, na kwa watu wengi lugha ya majambazi wanaogonga mlango usiku. Mimi nilikijua kwa amri zake: simama, kaa chini, toa kitambulisho. Hata Afande nilimfundisha kwa Kiswahili hicho hicho. Katika kundi ndimo nilimokutana na Kiswahili cha kubembeleza. Siku ya kwanza niliandika "nataka dawa ya kupe", na Mama Karafuu akanijibu kwa upole kwamba dawa ipo, ila kwao watu husema "naomba". Nilipowaambia kwamba siku fulani ilikuwa inatimia mwaka tangu nimzike mke wangu, watu ambao sijawahi kuwatia machoni waliniandikia pole hadi saa sita usiku, na mmoja wao akauliza Afande amelala wapi. Alikuwa amelala juu ya kitenge cha marehemu, Mshauri, na hakuna mtu mwingine, hata wa damu yangu, aliyewahi kufikiria kuniuliza swali hilo.

Januari 2021 intaneti ilizimwa nchini kote wakati wa uchaguzi, na mitandao ya kijamii ikaendelea kufungwa hata baada ya intaneti yenyewe kurudi. Nilipofanikiwa kuingia tena mwezi uliofuata, nilikuta ujumbe zaidi ya 40 wa watu wakiuliza kama mimi na mbwa wangu tuko hai. Wala hayakuwa maneno matamu matupu. Ni kundi hilo lililonifundisha kwamba chanjo ya kichaa cha mbwa hurudiwa, haitoshi kuchanja mara moja na kusahau. Mwaka 2022, tarehe 28 Septemba, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, niliwashawishi majirani saba walete mbwa wao wachanjwe uwanjani kwangu, hadi mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akaja kuuliza ni nani aliyeitisha mkutano bila kumjulisha.

Sasa nifike kwenye shauri lenyewe. Mapema Agosti mwaka huu Afande, akiwa na miaka 11, alianza kukataa chakula. Wenzangu waliniambia nimfunue mdomo nitazame ufizi. Nikaukuta umepauka kama karatasi. Daktari wa mifugo alimpima damu akasema ni ugonjwa unaoletwa na kupe, akamwandikia vidonge vya doksisaiklini vya siku 28. Pensheni yangu ilikuwa bado haijaingia, na sijui ni nani aliyewadokeza, maana mimi sikuomba. Wenzangu wa nchi tatu wakachanga na kunitumia kwa simu jumla ya shilingi 265,000 za Uganda. Nilitumia 140,000. Siku ya sita ya dawa, Jumatano alfajiri, Afande akafa.

Nilimzika chini ya mwembe kabla jua halijachomoza, ili majirani wasimwone mtu mzima akilia juu ya mbwa. Mbwa hawekewi matanga, nami nalijua hilo. Nilikusudia kuwaarifu wenzangu jioni, watu wakiwa wametoka kazini. Jioni nilipofungua simu nikakuta Baba Tarumbeta ameandika, "Baba Afande, mgonjwa ameamkaje?" Vidole vyangu vikajibu: "Anaendelea vizuri, asanteni."

Nimejihoji mara nyingi kwa nini niliandika hivyo, kwa namna ile ile niliyokuwa nikiwahoji wengine, na jibu ninalolipata kila mara ni hili. Kanuni ya kwanza ya kundi inasema kwamba mwanachama awe na mnyama anayeishi naye. Mwaka jana mwalimu mmoja mstaafu wa Bukoba alifiwa na paka wake. Tulikaa naye usiku mzima, kila mmoja akisimulia alilokumbuka kuhusu paka huyo, na baada ya wiki mbili yakatokea yale maandishi madogo kwamba ameondoka kwenye kundi. Hakuna aliyemfukuza; aliona tu hana tena sababu ya kuwapo. Nilimwandikia ujumbe wa faragha, ukabaki na alama moja hadi leo. Mzazi aliyefiwa na mtoto huendelea kuitwa kwa jina la mtoto huyo, lakini sikujua kama baba wa mbwa naye ana haki hiyo.

Kila Jumapili sisi huweka picha za wanyama wetu. Tangu Afande afe zimepita Jumapili tisa, na zote nimeweka picha za zamani. Jumapili ya saba niliweka moja ambayo mwembe nyuma yake umejaa maembe yaliyoiva, na Mama Karafuu, ambaye macho yake hayapitwi na kitu, akauliza kama Tororo maembe huiva Oktoba. Nikamjibu kwamba mwaka huu mvua zimechanganyikiwa. Akaniwekea alama ya kucheka, lakini mimi sikulala. Jumapili iliyopita nilikwenda kwa jirani mwenye mbwa wa kahawia aliyefanana kidogo na wangu, nikasimama mbali nikampiga picha akiwa amegeuza mgongo. Hapo ndipo niliposhtuka, kwa sababu picha ya zamani bado ni ya Afande, na ile haikuwa yake. Niliifuta kabla sijaituma.

Linalonitesa zaidi ni fedha. Zile 265,000 nilizipokea Afande akiwa hai, na dhamiri yangu hainishtaki kuzipokea. Hata hivyo, wiki mbili baada ya kumzika, Baba Tarumbeta, ambaye pikipiki yake mwenyewe ilikuwa imeharibika, alinitumia nyingine 20,000 akisema ni za maziwa ya mgonjwa, nami nikazipokea na kushukuru. Kwa miaka 31 nilijua jina la kosa hilo: kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Shilingi 145,000 zilizobaki, pamoja na hizo 20,000 ndani yake, zimo katika bahasha ndani ya Biblia, sijazigusa. Lakini hata wezi niliowakamata, wapo waliokuwa bado hawajazigusa.

Binti yangu hajui habari ya fedha wala ya uongo wangu. Anajua tu kwamba mbwa amekufa. Ameniambia kwamba sasa hakuna kinachonifunga Tororo, niende nikaishi naye Kireka, karibu na Kampala, ambako mwenye nyumba haruhusu mnyama yeyote. Simlaumu, ananipenda. Ila akiniona na simu husema, "Baba, hao si watu unaowajua," na mimi hukosa la kumjibu, kwa kuwa nimewafanya wao ndio wasionijua mimi.

Nimefikiria kuchukua mbwa mwingine. Chama cha kuwalinda wanyama, USPCA, kina kituo Kampala ambako mtu aweza kupewa mbwa aliyekwisha kukua, na kwa umri wangu hilo lingefaa kuliko mtoto wa mbwa ambaye huenda akaishi kunizidi. Nimesoma pia habari za mradi wa Gulu, mji ambao niliutumikia wakati wa vita vya Joseph Kony, unaowaunganisha watu walioumizwa na vita hivyo na mbwa, wakafundishwa pamoja. Aliyeuanzisha, Francis Okello Oloya, alipofuka utotoni kwa bomu lililokuwa limefukiwa ardhini. Katika habari hizo niliona kwamba watu wale, pamoja na kupewa mbwa, hupata pia watu wenzao wenye mbwa, na nikabaki najiuliza ni kipi hasa kilichonishika mkono miaka hii mitano, kama ni Afande au ni wale waliokuwa wakiniulizia Afande. Naogopa kwamba nikileta mbwa mwingine kabla ya kusema kweli nitakuwa nimeleta kielelezo cha kufunika kosa, na mbwa huyo hatakuwa na hatia yoyote.

Kwa hiyo, Mshauri, naomba (neno hili nimekwisha kulijifunza) unisaidie katika mambo haya. Je, nikiri mbele ya kundi zima kwa mara moja, au nianze na Mama Karafuu peke yake, ambaye nahisi amekwisha kushuku, ili yeye anielekeze namna ya kuwaambia wengine? Zile fedha nizirudishe vipi, ilhali wengine walichanga kiasi kidogo hivi kwamba gharama ya kuvusha mpaka itakula chote walichotoa? Nilitaka kuzitoa kwa ajili ya mnyama mwingine mgonjwa wa kundi, lakini nikaona kuwaamulia watu matumizi ya fedha zao bila kuwauliza ni kosa la pili juu ya la kwanza. Na je, ni utovu wa adabu kwa mtu aliyewadanganya wenzake kwa wiki tisa kuwaomba wamruhusu abaki miongoni mwao bila mnyama, hata kama ni kusoma tu habari za wanyama wao? Kuhusu Kireka sikuulizi, hilo nitaliamua na binti yangu baada ya haya.

Najua jibu lako halitanifikia kabla ya kesho kutwa, ambayo ni Jumapili. Picha za Afande ambazo sijazituma zimebaki mbili, na katika moja yao mke wangu amempakata.

Wako kwa heshima,
Baba Afande,
Tororo