Siku yako na ya Franco

Lubumbashi, 7 Julai

Yaya, mkubwa wangu mpendwa,

Jana nilikupigia mara tatu, mtandao ukagoma, basi leo nimeshika kalamu. Heri ya kuzaliwa, wewe na mwenzako Franco, yule mwanamuziki wa Kinshasa. Baridi ya mwezi huu unaikumbuka: asubuhi makoti na vumbi jekundu, jioni kila mlango una mbabula yake, jiko la makaa. Sisi wazima. Mama watoto anakusalimu, anauliza kama huko Bukavu unapata bukari, ugali wetu, wa kweli au wanakudanganya.

Miaka yote umetutambia kwamba 6 Julai ni ya watu wawili: Franco Luambo, Sona-Bata, 1938, halafu wewe, hapa mtaani Katuba, robo karne baadaye. Juzi nimekaa na kijana wangu, yule wa gitaa, tukatafuta nani mwingine anaidai tarehe hiyo. Yaya, mko wengi! Yumo Bill Haley, yule Mmarekani wa roki, 1925. Huyo tumpitishe haraka, hukumpenda hata siku moja. Yumo na 50 Cent, yule wa rap, 1975. Kijana alicheka mpaka akakaa chini.

Kilichonishika mimi ni mwaka 1957. Siku hiyo Franco anatimiza miaka 19, bendi yake OK Jazz ina mwaka mmoja na mwezi. Siku hiyohiyo huko Liverpool, kwenye sherehe ya kanisa mtaani Woolton, mvulana wa miaka 15 aitwaye Paul McCartney anakutanishwa na John Lennon wa miaka 16. Huyo Lennon gitaa alikuwa analipiga kwa mikao ya vidole ya banjo, alivyofundishwa na mama yake. Hata kulinganisha nyuzi ilibidi McCartney amwonyeshe. Nao ndio waliokuja kuwa bendi ya Beatles! Franco wetu wakati huo ana miaka minne tangu aingie studio ya Loningisa, na aliingia akiwa na umri uleule wa McCartney. Naye alianza na gitaa la mkebe na nyaya alilojiundia mwenyewe, akilipiga kando ya meza ya mama yake, soko la Ngiri-Ngiri, wateja wasogee wanunue mikate. Kijana wangu aliposikia hayo aliacha kulalamikia gitaa lake. Kwa siku moja.

Halafu kuna msiba. Louis Armstrong, yule Mmarekani wa jazi, alifariki 6 Julai 1971, nyumbani kwake Queens, New York, Franco akiwa anatimiza 33. Nilipomsomea baba mdogo, akaweka kikombe chini. Maana Armstrong alifika hapa kwetu, Novemba 1960, mji ukiitwa bado Elisabethville, Katanga ya Tshombe ina miezi minne tu tangu ijitenge na Kongo. Serikali ya Marekani ndiyo iliyomtuma azunguke Afrika na tarumbeta yake. Baba mdogo anaapa alimwona kwa macho yake, anajifuta jasho kwa kitambaa cheupe. Unamjua baba mdogo, hakuna mtu mkubwa aliyepita mji huu ambaye yeye hakumwona. Ila kitambaa kile ni kweli, kipo kwenye picha zote. Nilimwacha aongee, na chai ikapoa.

Na juzijuzi hapa, 2019, tarehe hiyohiyo akaondoka João Gilberto wa Brazili, mzee wa muziki wa bossa nova, akiwa na miaka 88. Siku yako inakula wakubwa, Yaya. Jihadhari.

Sasa nikupe lawama yangu. Kila 6 Julai huwa tunamfungulia Franco redio mpaka majirani wanajua. Na Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wetu wa Bunkeya, nani anamfungulia? Hugh Tracey, yule mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, Franco hajaingia studio bado. Mtu mmoja, gitaa moja kavu, Kiswahili chetu hiki, na wewe unasikia kama wapigaji wawili. Mwaka 1990 ajali ya barabarani ikamchukua kule Zambia. Nimechoka kuona watoto wa mtaa wetu wa Kamalondo wanajua majina ya wanamuziki wote wa Kinshasa na hawajui la kwake.

Kwa hiyo jana niliamuru: Franco mpaka saa mbili za usiku, baada ya hapo Bosco. Usikasirike, siku ilikuwa yako lakini nyumba ni yangu. Kijana akachukua lile gitaa ulilotuachia, akajaribu Masanga, wimbo wa Bosco. Kidole gumba kinashika besi vizuri, cha shahada ndicho kinachokimbia mbele. Mara ya tatu uzi wa kwanza ukakatika, akaumia kidogo mkononi, akataka kuendelea na nyuzi tano.

Ukisikia kuna mtu anapanda ndege kuja huku, mpe seti moja ya nyuzi. Za chuma, si za nailoni.

Mdogo wako wa Kamalondo