Malalamiko: sasisho la mwisho na notisi ya kutaka tuondoe msimbo wetu

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wachezaji,
Ofisi ya Afrika Mashariki.

Ndugu Meneja,

YAH: KUFUNGWA KWA SEVA ZA MCHEZO NA MADAI KWAMBA TUMEIBA MSIMBO

Hatulalamiki kwamba mmefunga seva. Seva zina gharama, na wachezaji walikuwa wamepungua. Tunalalamikia mambo mawili: sasisho mlilotoa wiki mbili kabla ya kuzima, na notisi ya wanasheria wenu inayodai kwamba seva tunayoijenga ili mchezo uendelee imetokana na msimbo (maagizo yanayoiendesha programu) ulioibwa kwenu. Tunaanza na dai hilo kwa sababu linapimika.

Programu iliyo kwenye kompyuta ya mchezaji ina ramani, michoro, sauti na maandishi. Mengine yote yalikaa kwenu: adui anatokea wapi na baada ya sekunde ngapi, akifa anaangusha nini, pigo linapunguza uhai kiasi gani, kila kazi ina hatua zipi. Huko hatujawahi kuingia. Tulichonacho ni pakiti, yaani vipande vya data, zilizopita kati ya pande hizo mbili, zikanaswa kwa Wireshark, programu ya kurekodi mawasiliano ya mtandao, na wachezaji wenye akaunti halali, kila mmoja kwenye mashine yake.

Kila pakiti ya mchezo wenu ilianza na baiti 2 za urefu, zikafuatwa na baiti 2 za namba ya amri. Ili kuitambua amri ya kutembea, mhusika anasogezwa hatua moja mashariki, kisha moja kaskazini, halafu rekodi zinalinganishwa. Baiti 12 zinazobadilika ni namba tatu za desimali, yaani mahali alipo. Kuongea, kununua na kupigana zilitafutwa kwa njia hiyohiyo, amri moja baada ya nyingine, ndipo msimbo wa kuzijibu ukaandikwa upya kuanzia mstari wa kwanza.

Wataalamu wenu wakague makosa ya seva yetu. Kitu kinachoanguka mara 1 katika vifo 1,000 vya adui hakiwezi kukadiriwa vizuri kwa rekodi mia chache, kwa hiyo viwango vyetu vya vitu adimu vimepinda, vingine sana. Maadui wanaozunguka njia ndefu hukatisha kona, kwa kuwa seva yenu iliipelekea programu taarifa za maadui walio karibu na mchezaji tu, na sehemu nyingine ya njia haikunaswa. Aliyeiba msimbo wenu angekuwa na jedwali kamili, wala asingekuwa na sababu ya kukisia.

Sasa sasisho. Kabla yake TLS, njia ya kuficha mawasiliano yasisomwe na wengine, ililinda hatua ya kuingia peke yake, na programu ilikubali cheti chochote (hati ya kidijitali ya kuitambulisha seva). Mstari mmoja kwenye hosts, faili linaloiambia kompyuta jina lipi lina anwani ipi, wenye 127.0.0.1 (anwani ya kompyuta yenyewe) na jina la seva yenu, ulitosha kuipeleka programu kwenye seva ya majaribio. Sasisho liliingiza mawasiliano yote ndani ya TLS na kuifanya programu ikubali cheti chenu peke yake. Likachanganya upya namba za amri. Likaongeza ukaguzi wa faili kuu, hivyo ukibadilisha hata baiti moja programu hujifunga bila kutoa ujumbe wowote wa kosa. Matokeo yake ni kwamba rekodi za wiki mbili za mwisho, wakati wachezaji wengi walirudi kuaga na matukio adimu yakafunguliwa yote kwa pamoja, hazisomeki. Nani hubadilisha kufuli la nyumba anayoibomoa kesho?

Hatuombi ufunguo wenu wa siri. Hata mkitupa hautafungua rekodi hizo, kwa sababu TLS 1.3 hutengeneza funguo mpya kwa kila muunganisho na kuzitupa. Msimbo wote wa seva pia hatuombi; mara nyingi seva za namna hii hubeba maktaba za kampuni nyingine ambazo mwenye mchezo hana haki ya kuzigawa. Na data za akaunti, yaani barua pepe, nywila na malipo, tunataka zifutwe, asipewe mtu yeyote, sisi tukiwemo.

Tunachoomba ni kidogo kuliko hapo. Toeni toleo la mwisho la programu lisilo na ukaguzi wa cheti wala wa faili, linalosoma anwani ya seva kutoka faili la mipangilio. Tupeni orodha ya namba za amri na majina yake, pamoja na majedwali ya maadui, mahali wanapotokea na vitu wanavyoangusha, hata kama ni CSV (jedwali la maandishi matupu) bila maelezo.

Wenzenu wamefanya zaidi. Velan Studios walipofunga Knockout City tarehe 6 Juni 2023 walitoa bure toleo la kompyuta ambalo wachezaji huendesha kwa seva zao wenyewe. NCSoft walizima City of Heroes tarehe 30 Novemba 2012; msimbo wa seva ukavuja hadharani 2019, na Januari 2024 wakawapa leseni Homecoming, seva ya mashabiki. Miaka zaidi ya kumi na mmoja kufikia karatasi moja! Afadhali leseni ije kabla ya kuvuja.

Wanasheria wenu wameandika kwamba msamaha wa sheria ya hakimiliki uliotolewa Marekani 2015 kwa michezo iliyoachwa hautuhusu. Hapo wako sahihi: ulihusu kurudisha uchezaji wa nyumbani pale seva ya uthibitishaji inapozimwa, si dunia nzima ya mtandaoni. Ndiyo maana tunaomba ruhusa ya maandishi, isiyo ya biashara, yenye sharti kwamba hatutoi nakala ya mchezo na kila mchezaji anatumia aliyoinunua.

Kuna suala la sarafu za ndani ya mchezo pia. Ziliendelea kuuzwa kwa pesa za simu hadi wiki ya mwisho, tangazo la kufunga likiwa tayari limetoka. Walionunua baada ya tangazo warudishiwe fedha kwa namba zilezile walizolipia.

Tunataka jibu la maandishi ndani ya siku 30, na notisi isimamishwe hadi wataalamu wenu walinganishe msimbo wetu na wenu. Tuko tayari kuwapa hazina nzima ya msimbo pamoja na historia ya mabadiliko yake, ambamo kila amri imeunganishwa na rekodi ilikotoka.

Wenu,
Wajenzi wa seva, kwa niaba ya wachezaji.