Kaka yangu anasimulia mambo ambayo hayakutokea

Kwako Mshauri,

Nakuandikia kutoka Ngamiani, hapa Tanga, kwa ajili ya kaka yangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 51, ambaye kwa zaidi ya miaka 20 amekuwa akinywa kila siku, kwanza mnazi, baadaye gongo, ambayo sasa huinywa alfajiri kabla hajatia chochote tumboni.

Yeye ni fundi cherehani, na kanzu zake zilisifiwa hadi Pangani. Mwezi uliopita nilikaa naye barazani akimpima mteja. Alipima bega akaandika, akapima mkono akaandika, kisha akalirudia bega kana kwamba hajaligusa, na alipomaliza daftari lilikuwa na vipimo vitatu vya bega na hakuna hata kimoja cha urefu. Mteja alinyamaza kwa heshima. Mimi nilishindwa kumtazama kaka usoni.

Linalonitia hofu zaidi ni maneno yake. Ukimuuliza jana alikuwa wapi, atakueleza kwa utulivu kwamba alikwenda kuzika Muheza, atakutajia waliochimba kaburi na mvua iliyowanyeshea, ilhali alishinda ndani kutwa. Wifi yangu humwita mwongo, na kwa hilo wamegombana mno. Tabibu mmoja amenieleza kwamba huo si uongo: mtu anayekunywa sana na kula kidogo hupungukiwa vitamini B1, tena pombe yenyewe huuzuia utumbo usiifyonze, na ubongo ukiikosa huumia katika sehemu zinazohifadhi kumbukumbu mpya, ndipo mtu huziba mapengo kwa visa ambavyo mwenyewe anaviamini kabisa. Kumbe ndiyo maana anaikumbuka harusi yangu ya mwaka 1998, hata rangi ya mikeka, lakini hajui kama amekula mchana. Hata kutembea kwake akitanua miguu, kama aliyesimama ndani ya ngalawa, kunaweza kutokana na upungufu huo. Vitamini hiyo, alisema, inapaswa kutolewa kwa sindano hospitalini, na mapema, kwa kuwa ikichelewa kumbukumbu hazirudi zote.

Sasa wazee wa ukoo wameamua afungiwe chumbani wiki nzima bila tone la pombe, mpaka akili imrudie. Nimewasihi wasifanye hivyo, kwani mwili uliozoea pombe ukikatiziwa ghafla, katika siku chache za mwanzo mtu anaweza kuanguka kama mwenye kifafa, kuona vitu visivyopo na hata kufa, hivyo sharti aachishwe chini ya uangalizi wa daktari. Wananijibu kwamba namtetea kwa sababu tumechangia ziwa moja. Kikao cha mwisho ni Ijumaa baada ya sala.

Naye kaka, nikimwambia twende hospitali, jioni hukubali, na asubuhi hakumbuki kwamba alikubali, hukasirika na kuniuliza nani amemwita mgonjwa. Je, ninaweza kulishika lile neno lake la jioni na kumpeleka usiku uleule? Wazee niwaendee mwenyewe, au nimwombe tabibu aje kuzungumza nao, ilhali wanaona kuwa ni aibu siri ya nyumba kutoka nje? Na kaka anapoanza kunisimulia mazishi ya Muheza, nimkatize nimwambie ukweli, au nimwache amalize?

Ni mimi dada mtu,
Tanga