Aliyeipa kobalti namba 27

Lubumbashi, 10 Agosti

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu kutoka huku kwenye vumbi la kiangazi. Uliniuliza Metorex, ile mashine ya eksirei ya kupima madini pale depo, inaitofautisha vipi kobalti na nikeli, na uzito wa atomi zake karibu ulingane. Jibu lina jina la mtu, na leo ndiyo tarehe aliyokufa: Henry Moseley, Mwingereza, aliyeuawa 10 Agosti 1915 huko Gallipoli, Uturuki. Alikuwa na miaka 27.

Zamani elementi zilipangwa kwa uzito, na kobalti ilisumbua. Uzito wake ni 58.93, wa nikeli 58.69. Nikeli ingetangulia, lakini tabia zake za kikemia zilikataa. Mwaka 1913, akiwa Manchester kwenye maabara ya mwanafizikia Ernest Rutherford, Moseley alipanga vipande vya metali juu ya kigari cha alumini ndani ya bomba lililonyonywa hewa. Alikivuta huku na huku kwa uzi wa hariri wa kuvulia samaki, kila metali ipigwe na elektroni kwa zamu yake. Eksirei zilizotoka ziliakisiwa na fuwele ya ferosianidi ya potasiamu na kuacha mistari kwenye bamba la picha, dakika tano kwa kila picha. Kobalti yake ilitoa pia mistari hafifu ya chuma na nikeli: uchafu uliomo ulijitaja wenyewe. Hicho ndicho mashine yako inachokusomea kila siku.

Hesabu yenyewe unaweza kuifanya kwenye simu yako. Chukua namba ya elementi, toa 1, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha zidisha kwa 10.2: unapata nishati ya eksirei yake kuu, kwa kipimo cha elektronivolti. Kobalti ni 27: 26 mara 26 ni 676, mara 10.2 unapata kama elektronivolti 6,900. Nikeli, 28, kama 7,400. Shaba, 29, kama 8,000. Kinachohesabiwa ni chaji (umeme) ya kiini cha atomi, si uzito, na kobalti ikakaa mbele ya nikeli moja kwa moja. Mwaka 1914 alitaja pia namba tatu zisizo na mwenyewe: 43, 61 na 75. Ya 75 ilipatikana 1925, ya 43 mwaka 1937, ya 61 mwaka 1945. Hakuiona hata moja.

Vita vilipoanza alikuwa Australia kwenye mkutano wa wanasayansi. Akarudi haraka kwao, akajiunga na wahandisi wa jeshi, akawa ofisa wa mawasiliano. Alipigwa risasi kichwani na mdunguaji wa Kituruki akiwa kwenye simu, anapitisha amri. Kaburi lake halijulikani. Jina lake limechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu wa Helles, huko huko Gallipoli. Rutherford alilalamika hadharani kwamba jeshi lilishindwa kumtumia mtu kama huyo kwa kazi aliyoiweza. Mimi pia inaniuma, ndugu yangu: kazi yote ile ya mistari ni ya miaka miwili tu.

Sasa yale mawe yako yanayosoma kobalti juu asubuhi na chini jioni. Angalia chuma kwanza. Chuma kina mstari wa pili, elektronivolti kama 7,060, na mstari mkuu wa kobalti uko 6,930. Udongo mwekundu ukizidi, mistari hiyo inapandana na mashine inaweza kukosea kugawa. Tena eksirei hizo hazitoki kwenye kina cha hata milimita moja ndani ya jiwe: ukielekeza kwenye ganda jeusi la heterojeniti (madini yenye kobalti), umepima ganda, si gunia. Na mzigo mbichi husoma chini, kwa sababu maji yanameza miale na kuongeza uzito usio madini.

Chota juu, katikati na chini ya gunia. Kausha, saga hadi iwe kama unga, changanya, rundika, gawa mafungu manne, bakiza mawili yanayotazamana, rudia hadi kibaki kiganja kimoja. Pima mara tatu, kila mara ukiukoroga upya. Niandikie namba zote tatu pamoja na ya chuma, hata kama hazipatani.

Rafiki yako wa Katuba