Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wasaidizi wa Kisheria, Dodoma

Ndugu wanachama,

Mambo ya fedha mtayasikia kwa Mhazini. Mimi nitajikita kwenye kazi iliyotushughulisha zaidi mwaka huu: kutathmini hali ya haki za binadamu katika kata tunazohudumia, Bahi hadi Mpwapwa.

Kwenye maandishi tumepiga hatua. Haki za msingi ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ipo, tena makao makuu yako hapa hapa Dodoma. Sisi wenyewe tunafanya kazi chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Lakini yapo yaliyorudi nyuma. Novemba 2019 Serikali iliondoa tamko lililomruhusu mwananchi kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha. Mwaka 2020 sheria ikabadilishwa, ikamtaka anayefungua shauri la haki za msingi aoneshe alivyoathirika yeye binafsi. Mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa ilizuiwa 2016, zuio likaondolewa Januari 2023 kwa kauli ya Rais. Tulifurahi sana. Ila haki inayofungwa na kufunguliwa kwa kauli ya kiongozi, kwa maoni yangu, bado haijasimama.

Kipimo chetu tulikiweka kwenye kaunta ya polisi. Sheria inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24; ikishindikana, na kosa si zito, aachiwe kwa dhamana.

Mama mmoja wa Chamwino alikwenda kumdhamini mwanawe, aliyekamatwa kwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Barua ya mtendaji alikuwa nayo, kaifunga kwenye pindo la kanga. Akaambiwa muhuri umefifia, alete nyingine. Akapanda bodaboda kurudi kijijini, mtendaji yuko kikaoni wilayani. Kijana akalala mahabusu usiku wa tatu, na ukutani pale pale limebandikwa tangazo kwamba dhamana ni bure. Msaidizi wetu alipoomba kuoneshwa saa ya kukamatwa kwenye kitabu cha matukio, kijana akaachiwa jioni ile ile, kwa barua ile ile.

Hakupigwa wala kutukanwa, na taarifa nyingi zingempita bila kumwona. Mimi namhesabu: haki yake ilivunjwa.

Kuhusu ndoa za utotoni, Mahakama ya Rufani ilishaamua 2019 kwamba kuruhusu msichana wa miaka 15 aolewe ni kinyume cha Katiba. Vijijini hukumu hiyo wengi hawajaisikia, na hilo ni jukumu letu.

Napendekeza kila kata iwe na daftari la kuandika saa ya kukamatwa, saa ya kuachiwa na chochote ndugu walichoombwa, na nakala iende Tume kila robo mwaka. Naomba mlijadili kabla hatujapitisha bajeti, maana madaftari na nauli havimo kwenye rasimu mliyonayo.