Anayerisiti Kidato cha Nne hakosi hamasa, anakosa hesabu

Mhariri,

Kila Januari, Baraza la Mitihani la Tanzania likishatangaza matokeo ya Kidato cha Nne, magazeti na redio hujaa maneno ya kuwapoza walioanguka: usikate tamaa, jiamini, penye nia pana njia. Hayana ubaya. Ila yanamfikia mtu ambaye nia anayo tele, maana siku ya matokeo ni nani aliyepiga ziro asiyeapa kurisiti, yaani kurudia mtihani? Kinachomwangusha ni maamuzi anayoyafanya kati ya siku ile na mwisho wa Februari, wakati ambapo kwa kawaida usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufungwa, na anayechelewa hadi Machi hutozwa faini. Wiki hizo chache wengi huzimaliza wakisaka ada. Suala la kurisiti masomo gani, na kwa sababu gani, huja kuamuliwa siku ya kujaza fomu.

Ukimuuliza anataka nini, atakujibu "nataka kufaulu". Jibu hilo halimsaidii kuchagua chochote. Kinachotoa orodha ya masomo ni mlango anaotaka kuingia. Wa Kidato cha Tano unadai C tatu au zaidi, masomo ya dini hayahesabiwi. Anayetaka diploma ya utabibu katika chuo cha kati anahitaji ufaulu, yaani D kwenda juu, katika masomo manne yasiyo ya dini, na katika hayo manne lazima ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Sasa mchukue binti mwenye D za Kiswahili, Uraia na Biolojia, anayeitamani kozi hiyo. Anachodaiwa ni Kemia na Fizikia, basi. Lakini utamkuta kwenye kituo cha mtihani amejiandikisha masomo saba, Historia ikiwemo, wakati anayerisiti halazimiki kurudia yote. Mwongozo wa udahili wa NACTVET, chombo cha serikali kinachosimamia vyuo vya kati na vya ufundi, hutoka kila mwaka na husomwa bure mtandaoni. Usomwe kabla ya kulipa ada, kwa sababu sifa za kozi hubadilika. Na kama masomo ni ya sayansi, mkuu wa kituo aulizwe mapema mtihani wa vitendo unafanyikaje na maabara iko wapi. Wapo wanaoijua bureti, ule mrija wa kupimia tindikali, kwa picha tu hadi mtihani wa Novemba.

Jambo jingine huwa halisemwi: cheti hakionyeshi alama. F inaanzia 0 hadi 29, D ni 30 hadi 44, C ni 45 hadi 64. Mwenye 28 na mwenye 3 wote wana F, na karatasi zao zinafanana. Mmoja amebakiza alama mbili, mwingine anaanza upya. Hawawezi kupanga mwaka kwa namna moja, na hawawezi kujua nani ni nani bila kujipima. Kwa hiyo kabla ya kuchagua masomo, tafuta mtihani wa mwaka mmoja uliopita kwa kila somo unalolifikiria, kaa saa tatu bila daftari wala simu, kisha mpe mwalimu wa somo asahihishe. Ni Jumamosi mbili au tatu za maumivu. Utakayoyaona yatakushangaza: somo ulilokuwa unalichukia unaweza kukuta unalo 26, na lile unalolipenda unalo 12.

Sasa hesabu ya saa. Kuanzia Machi mosi hadi Oktoba 31 ni siku 245, yaani wiki 35. Wengi wanaorisiti wanafanya kazi: bodaboda, ulinzi, saluni, kwa mama ntilie, kazi za ndani. Tuseme mtu anaweza saa moja siku tano za wiki na saa tatu Jumapili. Hizo ni saa nane kwa wiki. Ondoa wiki tano za misiba, harusi, malaria na sikukuu, maana zitakuja tu. Zinabaki wiki 30, saa 240. Ukizigawa kwa masomo saba, kila somo linapata saa 34 za kufidia miaka minne. Ukizigawa kwa matatu, kila moja linapata saa 80. Hapa ndipo hamasa huzikwa. Mtu wa masomo saba akifika Juni anaona kote hajafika popote, anajiita mvivu, anaacha. Hakuwa mvivu. Alijipa mzigo usiobebeka, na hakuna semina ya kuhamasishana itakayomwongezea saa.

Nichukue Hisabati, kwa kuwa ndiyo inayoogopwa kuliko yote. Kwa fomati iliyotumika miaka ya karibuni, Sehemu A ina maswali kumi ya alama sita sita, Sehemu B ina manne ya alama kumi kumi. Anayetaka D anahitaji 30, yaani maswali matano ya Sehemu A yakiwa safi. Kwa kuwa hakuna anayepata yote safi, ajiandae kwa manane. Chukua mitihani ya miaka sita, chora jedwali, mistari iwe mada na safu ziwe miaka, weka alama ya vema kila mada inapotokea. Seti na uwezekano, logi, faida na hasara, mfuatano na mfululizo, milinganyo ya kipeo cha pili: utaziona zikijirudia kama nyimbo za harusini. Anza na zile zinazojirudia na ambazo huhitaji kujua mada nyingine kumi ili uziweze. Angalizo: mtaala mpya umeanza kuingia madarasani, hivyo fomati ya mwaka wako iangalie upya kwenye tovuti ya Baraza, usiirithi kwa kaka yako.

Tazama swali moja kwa karibu. Mfuatano unaanza na 5 na kila hatua unaongezeka 3. Namba ya 20 ni ipi? Jibu ni 5 jumlisha 19 mara 3, sawa na 62. Anayekosea huandika 65, kwa sababu amezidisha 3 kwa 20. Amesahau kwamba namba ya kwanza haikuruka hatua yoyote. Kosa hilo halitibiwi kwa kusoma mada nzima upya, linatibiwa kwa kuandika namba nne za kwanza pembeni na kuhesabu miruko kwa kidole: kufika ya nne nimeruka mara tatu. Na hata aliyefika 65, kama ameandika kanuni na kuonyesha njia, anaweza kupata alama za hatua. Aliyeacha wazi hana hata moja. Kila baada ya mtihani Baraza huweka kwenye tovuti yake uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, pamoja na mifano ya majibu mazuri na mabovu. Ni bure, na ajabu ni kwamba watu hununua noti za mtaani wakaiacha hiyo.

Kuhusu noti: kosa kubwa la wanaorisiti ni kunakili. Daftari linapendeza, vichwa vya habari vyekundu, mistari ya rula, na mtu anahisi amesoma. Mwaka 2006, Roediger na Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi kifungu wasome. Kundi moja lilikirudia kusoma, jingine lilijipima kwa kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojipima ndio walikuwa wamebaki na mengi. Ndiyo maana mtu hutoka tuisheni akiwa na uhakika, halafu wiki inayofuata anaapa kwamba hajawahi kufundishwa mada ile. Gawa saa yako hivi: dakika 20 za kusoma, 25 za kujibu maswali daftari likiwa limefungwa, 15 za kusahihisha na kuandika makosa kwenye daftari dogo la peke yake. Hilo daftari la makosa ndilo la kubeba Oktoba.

Halafu kuna suala la kuanza kila siku, ambalo watu huliita kukosa mzuka. Mzuka hausubiriwi. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 juu ya nguvu ya mpango wa "ikitokea hivi, nitafanya hivi" ukilinganisha na nia tupu. Kwa lugha yetu: usiseme "nitakuwa nasoma jioni". Mwenye kibanda cha chipsi aseme: "Nikishafunga kibanda na kuosha mikono, nakaa kwenye kile kiti cha plastiki, nafungua Kemia kabla sijashika simu." Mlinzi aseme: "Nikimaliza mzunguko wa kwanza, najibu maswali mawili chini ya taa ya geti." Kitendo cha kuanzia kiwe ambacho hutokea chenyewe kila siku, saa ya ukutani haitoshi, kwa sababu siku wateja wakiwa wengi saa inapita. Weka pia mpango wa kinachoweza kuharibika: umeme ukikatika, taa ya sola iko hapa, nikiwa nimechoka kupindukia, nafanya swali moja tu kisha nalala. Swali moja linaonekana mchezo, lakini linalinda mazoea.

Mazoea yenyewe huchukua muda mrefu kuliko tunavyoambiwa. Hadithi ya siku 21 imezagaa kila mahali. Phillippa Lally na wenzake waliwafuatilia watu 96 huko London, na matokeo yao ya mwaka 2010 yalionyesha kuwa muda wa katikati ulikuwa siku 66. Wapo waliokadiriwa kufika kwa siku 18 na wapo wa siku 254. Anayeanza Machi mosi ategemee kusukumana na nafsi yake hadi mwanzoni mwa Mei. Akifika siku ya 22 kusoma bado kunamuwia vigumu, asidhani ana kasoro. Katika utafiti huohuo, kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Kinachoharibu ni kukosa siku mbili, kisha kusema "wiki hii imeshaharibika, nitaanza Jumatatu". Jumatatu hizo zikijumlishwa ni mwezi mzima.

Kuna ushauri mmoja unaotolewa kwa nia njema na ambao naupinga: watangazie watu wote lengo lako ili uone aibu kuacha. Huyohuyo Gollwitzer na wenzake, mwaka 2009, walionyesha kwamba mtu mwenye nia kubwa, nia yake ikishatambuliwa na wengine, anaweza kupunguza juhudi, kana kwamba ameshafika nusu ya safari. Kujitangaza kwenye stetasi za simu huzaa pongezi, na pongezi hushibisha. Mwambie mtu mmoja, awe na kazi: kila Jumapili jioni umwonyeshe maswali uliyosahihishiwa wiki hiyo. Akiwa ni mtu asiyekuonea haya kukuuliza "mbona ni manne tu?", hapo umepata.

Juni na Julai ndiyo miezi ya kuangalia zaidi. Ari ya Januari imekwisha, woga wa Novemba haujafika. Hapo ndipo pa kurudia ule mtihani wa kujipima wa Februari, karatasi ileile. Aliyekuwa na 12 akajikuta na 31 hahitaji kuhubiriwa na mtu. Aliyekuwa na 12 akajikuta na 14 pia amefaidika: anajua Juni badala ya Januari kwamba namna yake ya kusoma haifanyi kazi, na anayo miezi minne ya kuibadilisha, au ya kuacha somo moja na kuhamishia saa zake kwingine. Ndani ya chumba, ubandike ukutani mchoro wa alama za kila jaribio. Mstari unaopanda hata kidogo una nguvu kuliko bango la maneno ya busara.

Oktoba huja na wauza "pepa". Makundi ya mtandaoni hujaa watu wanaodai wana mtihani uliovuja, kwa bei inayoshuka kadiri siku zinavyosogea. Karatasi nyingi ni za mwaka juzi zilizobadilishwa tarehe, na anayekutwa amehusika hufutiwa matokeo yote, hata ya masomo aliyoyasomea kwa jasho lake.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Ukurasa unaowapa wahamasishaji kila Januari, upunguze robo. Robo hiyo, kabla ya usajili kufungwa, chapisha tarehe na ada za mwaka huo kama zilivyotolewa na Baraza, madaraja ya alama, na sifa za kozi kumi zinazoombwa zaidi, ili mtu wa Kilosa asiye na bando akate kipande hicho cha gazeti aende nacho kituoni siku ya kujaza fomu.

Mwalimu wa masomo ya jioni,
Morogoro